Debian mpya haina sauti, inasema "Dummy Output": usifute kwanza

Mkuu, pole. Umesema umeweka Debian 12 (mfumo wa Linux) juzi, Wi-Fi imeshika, picha safi, ila ukibofya alama ya spika unakuta "Dummy Output" tu, yaani njia ya sauti ya bandia, na kuna jamaa kakushauri ufute uweke upya. Usifute. Mimi nilifuta mara tatu mwaka 2023, nikakesha siku mbili na bando la wiki likaisha, laptopu ikabaki bubu vilevile. Kisa chake kipo chini, maana cha kwako ni ugonjwa mwingine.

Nipo Dodoma, Nkuhungu, nina meza ya ufundi ndani ya steshenari ya shemeji. Nyingi ninazoletewa ni laptopu za mtumba za wanafunzi na walimu. Mashine zilizo bubu nazigawa mafungu mawili: ile ambayo mfumo hauioni kadi ya sauti kabisa, na ile ambayo kadi inaonekana ila sauti imefungwa au imepelekwa kusikotakiwa. Dawa ya moja haigusi nyingine, na ushauri mwingi mitandaoni unazichanganya. Fungua teminali uandike:

aplay -l

Hiyo ya mwisho ni herufi L ndogo, si namba moja. Ikikuorodheshea kadi, ruka hadi nilipoandika alsamixer. Ikijibu "no soundcards found", upo fungu la kwanza, na kwa dalili ulizotaja nadhani ndipo ulipo.

Mwaka jana alikuja mwalimu mmoja kutoka Kongwa na mashine ya Intel kizazi cha 11, Debian 12 kama yako. Nikaamkia, akaitikia marahaba, swali la kwanza: "Kijana, spika zimeungua?" Windows yake ilikuwa bado imo, nikaiwasha, kwaya ikaimba vizuri tu. Basi spika nzima. Laptopu nyingi za Intel za miaka hii, hasa zenye maikrofoni ya kidijitali kwa ndani, sauti yake inapitia kijiprosesa cha pembeni kinachotakiwa kupakiwa fimwea (programu ndogo inayokiendesha) kila mashine inapowaka. Draiva imo ndani ya kerneli (kiini cha mfumo), lakini fimwea inakuja kwenye kifurushi chake peke yake. Ikikosekana, ndiyo yale ya dereva kukaa kwenye usukani na ufunguo kauacha nyumbani.

Kuhakikisha, ingia kama root, yaani mtumiaji mkuu wa mfumo. Kama wakati wa kusakinisha uliweka nywila ya root, sudo itakugomea, ni kawaida ya Debian. Tumia su - (usisahau hicho kistari). Kisha:

dmesg | grep -i sof

Kwa mwalimu ilitoka mistari ya kulalamika kwamba sof-tgl.ri imeshindwa kupakiwa, error -2, yaani faili halipo. Ukiona ya namna hiyo, furahi, umeshampata mchawi:

apt install firmware-sof-signed

Hapa ndipo wengi wanakwama, kwa sababu apt (chombo cha kusakinisha programu) inajibu haikijui hicho kifurushi. Ukisakinisha kwa flashi bila intaneti ili kuokoa bando, mara nyingi faili la /etc/apt/sources.list linabaki na mstari wa cdrom peke yake. Lifungue kwa nano (kihariri maandishi cha teminali), weka # mwanzoni mwa mstari huo, ongeza huu:

deb http://deb.debian.org/debian bookworm main non-free-firmware

Neno la mwisho ndilo lenye kazi. Kuanzia Debian 12 fimwea zisizo huria zimewekwa kwenye fungu hilo, kwa hiyo mwongozo wa zamani unaosema non-free peke yake hautakufikisha. Endesha apt update, rudia apt install, halafu zima kabisa na uwashe. Kama una Windows pembeni, nayo izime huku umeshikilia Shift, maana uzimaji wake wa haraka huweza kuacha kadi katika hali ya ajabu Linux isiielewe.

Mwalimu alisikiliza wimbo wote mpaka mwisho ndiyo akatoa hela.

Sasa fungu la pili, kwa wengine wanaosoma. Andika alsamixer (kirekebisha sauti cha teminali), bonyeza F6 uchague kadi halisi. Chini ya kila nguzo kuna kijisanduku: MM maana yake imefungwa, 00 imefunguliwa. Nenda kwa mishale hadi Master na Speaker, bonyeza m kufungua, mshale wa juu kupandisha. Kama ulichomeka TV kwa HDMI, sauti huenda bado inaelekezwa huko, programu ya pavucontrol itakuonyesha.

Yangu ya 2023 haikuwa hata moja kati ya hizo. Speaker nikiifungua inajifunga yenyewe, na menyu inasisitiza kuna hedifoni wakati tundu li wazi. Ilikuwa Agosti, na anayeijua Dodoma anajua upepo wa Agosti na vumbi lake jekundu. Ndani ya tundu la hedifoni kuna kiswichi kidogo kinachoiambia kadi kwamba kitu kimechomekwa. Vumbi lilikuwa limekigandisha, mfumo ukawa unanyamazisha spika kwa utii kabisa. Nilimulika tundu kwa tochi ya simu nikaona ukoko kama wa sufuria. Nikazima mashine, nikapitisha brashi laini, nikachomeka na kuchomoa pini ya hedifoni kama mara ishirini, ikapona. Tundu likiwa limeharibika moja kwa moja, kwenye alsamixer ya baadhi ya kadi kuna Auto-Mute Mode. Iweke Disabled uendelee na maisha.

Mkuu, ukikwama, bandika hapa majibu ya aplay -l na ya dmesg. Nakili maandishi yenyewe, picha ya skrini iliyopigwa kwa simu usiku haisomeki.