Mbona ndege hawashuki?

SWALI: Nimeweka beseni la plastiki lenye maji bustanini, lakini ndege hawashuki. Pia najiandaa kwenda mbugani. Ninunue darubini ya 8x42 au 10x42?

JIBU: Kosa kubwa huwa ni kina. Ndege wadogo huoga kwenye maji ya sentimita 2 hadi 5 tu, tena wanataka pa kukanyaga pasipoteleza. Plastiki laini hawaipendi. Tandaza kokoto chini, kisha weka jiwe moja linalochomoza juu ya maji. Beseni likae mita 2 au 3 kutoka kichakani: likiwa karibu zaidi, paka hupata pa kujibanza, likiwa mbali, ndege aliyelowa, ambaye huruka kwa shida, hana pa kukimbilia. Badilisha maji kila baada ya siku 2, viluwiluwi wa mbu wasipate muda wa kukua, na usugue kwa brashi bila sabuni, kwani sabuni huondoa mafuta kwenye manyoya. Halafu subiri. Wiki kadhaa si ajabu.

Darubini chukua 8x42. Namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Ya 10 hukuza hata mtetemo wa mikono yako, na eneo unaloliona hupungua, hivyo ndege anayeruka hukuponyoka. Ukiwa garini zima injini, la sivyo taswira itatetemeka hata ukiegemeza viwiko. Mnyama akiacha kula na kukukazia macho, umeshamkaribia mno. Rudi nyuma taratibu.