Ngong Mwezi wa Julai: Anza Kupanda Ukiwa Unasikia Baridi

Julai ikiingia, Nairobi husahau jua. Wingu hulalia paa za nyumba tangu alfajiri hadi saa sita mchana, boshori hutoka kabatini, na ndani ya matatu kila wa pili anapiga chafya. Mimi ndio mwezi ninaoupenda kwa kupanda Vilima vya Ngong: hakuna vumbi, na jua halikupigi utosini. Ndio pia mwezi ambao nusura nimrudishie dada yangu mume mgonjwa, na kosa lilikuwa langu.

Shemeji ni mtu wa Mombasa, mzaliwa wa Kisauni, ambaye baridi kwake ni feni iliyowekwa namba tatu. Alipotutembelea nilimwambia nitampeleka milimani, na wosia wangu ukawa mmoja tu: jifunike vizuri. Akajifunika. Fulana ya pamba, shati, sweta ya pamba, halafu jaketi zito la mtumba tulilomnunulia Gikomba, na chini suruali ya jinzi. Nilimtazama nikaridhika kabisa.

Tulipanda matatu ya 111 hadi mji wa Ngong, tukachukua bodaboda mpaka kwenye lango la msitu. Kutoka hapo njia inaanza kupanda moja kwa moja, ikipita kando ya mitambo ya umeme wa upepo. Ya kwanza iliwekwa hapo mwaka 1993, na siku hizi ile ya KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme, inatoa megawati 25.5. Watu hupigia picha tu, lakini nafikiri ingefaa isomwe kama kibao cha onyo. Haikujengwa pale kupamba vilima. Ilijengwa kwa sababu pale juu upepo haulali.

Dakika ishirini baadaye shemeji alikuwa anatiririka jasho ndani ya lile jaketi. Nikamwambia alivue, akakataa, eti si wewe uliyesema nijifunike? Tulipofika kwenye mgongo wa kilima cha kwanza tukakaa kula mayai na kupiga picha, ingawa picha zote zilitoka nyeupe kwa ukungu. Manyunyu yakaanza. Kufikia kilima cha tatu nikagundua kitu kibaya: shemeji amenyamaza. Mtu huyu huzungumza hata akilala. Kamba ya kiatu ilikuwa imefunguka, akainama kuifunga, akashindwa. Akajaribu tena.

"Shemeji," akaniambia polepole, "hivi vidole si vyangu."

Hewa haikuwa baridi ya kutisha, huenda nyuzi 10. Lakini nyuzi 10 pamoja na upepo wa kilomita 40 kwa saa, mwili huzihisi kama nyuzi 6, na hapo ni kwa mtu mkavu. Yeye alikuwa amelowa kuanzia ndani. Pamba ikishika jasho haiachi, na jinzi ikilowa ni kama umejifunga taulo mbichi miguuni.

Nilimvuta nyuma ya kichaka upande usio na upepo, nikamvua kila kitu cha juu mpaka kifua wazi. Alinitukana kwa Kiswahili kizuri sana. Nikamkausha kwa leso, nikamvisha sweta yangu ya sufu iliyokuwa kavu mkobani, ikigusa ngozi moja kwa moja. Juu yake nikamvalisha mfuko mweusi wa taka niliotoboa matundu matatu. Kisha chai ya maziwa yenye sukari nyingi kutoka kwenye chupa, vikombe viwili. Alitetemeka kama robo saa, kisha akaanza kulalamika kuhusu chai kukosa tangawizi, nikajua amerudi. Kutetemeka kusikutishe sana, ni mwili unapigana. Cha kuogopa ni mtu aliyekuwa akitetemeka akaacha huku bado ana baridi, anajikwaa na maneno yanamkwama. Huyo usisubiri apate nguvu. Mteremshe na utafute msaada. Na kile kichupa ambacho vijana hubeba eti cha kuwasha mwili, kiacheni nyumbani. Pombe hupeleka damu kwenye ngozi, unajisikia moto huku joto la ndani linakutoka.

Tukageuza, na safari ikaishia kwenye kilima cha tatu.

Tangu siku hiyo, ninayemwalika Ngong mwezi wa Julai humpa sharti moja: pale langoni lazima uwe unasikia baridi kidogo. Ukiwa na joto kabla hujapiga hatua, umevaa kupita kiasi, na baada ya dakika kumi za mwinuko utalipa. Baridi ya kule haikukamati ukitembea, hukungojea ukae. Kwa hiyo tembea na nguo nyepesi, na zile nzito ziwe mkobani, kavu, ndani ya mfuko usiopitisha maji. Ukisimama tu, vaa kabla ya kusikia baridi. Ukianza tena, vua. Ndiyo, inachosha kufungua mkoba kila mara. Fungua tu.

Wala huhitaji duka la bei ghali. Ndani vaa jezi ya mpira, ile ya poliesta, kwa sababu hukauka haraka. Kwa akiba, sweta kuukuu ya sufu kutoka mtumbani. Soma lebo, maana nyingi zinazofanana na sufu sizo, na sufu halisi hukupa joto hata ikiwa na unyevu. Juu, jaketi jepesi lisilopitisha upepo. Soksi mbili za ziada. Moja ikikosa kazi ya miguu itakuwa glavu. Fimbo pia, kwa sababu njia ikilowa huteleza vibaya, hasa kwenye kushuka.

Kuhusu muda, watu wengi hutaka kufika alfajiri. Julai utaona nini alfajiri? Ukungu. Anza saa tatu, wingu mara nyingi huinuka kuelekea mchana, na hapo utakuwa karibu na sehemu nzuri. Kumbuka kilele kikubwa zaidi, Lamwia, chenye mita 2,460, kiko upande wa kusini, yaani unakikuta miguu ikiwa imeshachoka. Weka chakula cha pale: nduma, karanga, chochote. Ukungu ukikufunika njiani usihangaike. Ukielekea kusini, Nairobi iko kushoto na Bonde la Ufa liko kulia, na kulia ndiko kwenye mteremko mkali. Tembea mkiwa wengi au chukueni askari wa msitu langoni. Kuna nyati vichakani, na wapo binadamu waliowahi kuwapora watu huko.

Wiki iliyofuata shemeji aliniomba turudi. Alivaa jezi, akatetemeka langoni huku akinilaumu, na kwenye kilima cha pili alikuwa mbele yangu. Tulikula nduma juu ya Lamwia wakati wingu linapasuka upande wa Bonde la Ufa, tukateremkia Kona Baridi (waliopatia jina hilo walijua) na kutafuta matatu Kiserian kabla ya saa kumi.

Sweta yangu ya sufu iko Mombasa hadi leo. Anasema huivaa kwenye basi la usiku, kwa ajili ya kiyoyozi.