Kuingizia watu nyimbo kwenye memori kwa jero, ni wizi au sio?

Mdogo wangu, umeuliza kama kuingizia wateja nyimbo kwenye memori na flashi kwa jero jero ni kosa, wakati nyimbo zenyewe umezidaunlodi bure na msanii ndo kaziposti. Kisheria ni kosa, ile Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 iliyoleta COSOTA (ile taasisi ya hakimiliki Tanzania) haijali uliupata bure au vipi, inachouliza ni nani kakuruhusu kunakili na kuuza. Msanii akiuweka wimbo YouTube watu wakiangalia anaweza kupata chochote kwenye matangazo, japo kiduchu, sasa we ukiutoa pale ukaupeleka kwenye memori 40 za watu wimbo unapigwa mtaa mzima na yeye kwenye hesabu yake hamna kitu.

Utasema mbona wengine wanazigawa wenyewe bure ili wasikike, ni kweli, bongofleva imekua hivyo na hata mi nimechoma sana sidii enzi zile (usinikumbushe). Ila huyo katoa kwa hiari yake. Kumrushia shemeji yako wimbo mmoja WhatsApp mi sina neno sana, wewe unatoza hela kaka, hapo ndo pananuka.

Ningekua wewe ningeuza utaalamu, mteja akija mwekee Audiomack, ile app ya kusikiliza muziki, mwonyeshe jinsi ya kuhifadhi nyimbo asikilize bila bando, jero yako chukua. Na maandagraundi, wasanii ambao bado hawajatoka, wa mtaani kwenu waombe tu ruhusa, wengi watakuletea nyimbo wenyewe mpaka uchoke.