Leseni ya biashara haitoshi

SWALI: Dada, niko Tacoma, jimbo la Washington. Wakala mmoja umeniajiri kumhudumia bibi nyumbani kwake. Bosi amenionyesha leseni ya biashara, anataka nianze kesho, mafunzo baadaye. Je, nianze? – Msomaji

JIBU: Hapana, ndugu yangu, usianze kesho. Leseni ya biashara hupewa hata duka la viatu. Wakala wa huduma za nyumbani lazima uwe na leseni ya Idara ya Afya ya jimbo. Litafute jina lake kwenye tovuti ya Idara leo hii.

Kwa mhudumu mpya asiye muuguzi, mafunzo ni saa 75, kisha mtihani wa cheti. Nyingi kati ya saa hizo zinaweza kufuata ukiwa kazini, lakini saa 5 za utangulizi na usalama huja kabla hujamgusa mteja. Nazitetea hizo saa kwa moyo wote: nimeona mzee akianguka kwa sababu aliyemwinua hakufunga breki za kiti cha magurudumu.

Uliza pia kama rekodi yako ya jinai imeshachunguzwa. Na ukihisi bibi ananyanyaswa au anaibiwa, sheria inakutaka wewe mwenyewe uripoti DSHS (idara ya jimbo ya huduma za jamii na afya) mara moja. Kumwambia bosi peke yake hakutoshi.