Miguu ya mama kuvimba jioni
Dada yangu wa Wete, umeuliza kama miguu ya mama, anayeshinda kitako akichambua karafuu, huvimba jioni kwa kuwa damu "imelala". Damu hailali. Moyo huisukuma kiasi cha lita 5 kila dakika. Kazi ni kurudi, maana kutoka miguuni inapanda. Vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, zina vali (vilango vidogo) za kuizuia isishuke tena, na mashavu ya miguu yakijikaza ndiyo yanayoisukuma juu. Mtu akikaa tu, msukumo huo hupungua, maji yakavujia nyamani. Basi mama ainuke kila nusu saa, atembee japo mpaka kisimani. Akijilaza, miguu iwe juu ya mto. Lakini ukivimba mguu mmoja, ukauma na kuwa wa moto, tafadhali usiukande: mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Akikosa pumzi, msingoje hata saa moja.