Kila Tarakimu na Mwenyewe: Ushauri kwa Wanaosimamia Mipango ya Afya ya Taifa

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nilikabidhiwa rejista ya kifua kikuu ya wilaya, pamoja na pikipiki, boksi la vikopo vya makohozi na ufunguo wa kabati la dawa. Mratibu aliyenikabidhi kazi aliniambia kwamba pikipiki itaharibika, dawa zitachelewa na Mganga Mkuu wa Wilaya atahamishwa, na kwamba yote hayo yatapata ufumbuzi, lakini rejista ikiharibika hakuna mtu wilayani wala wizarani atakayeweza kuitengeneza upya. Nilifanya kazi hiyo wilayani kwa miaka mingi, kisha nikaisimamia katika ngazi ya mkoa mpaka nilipostaafu. Siku hizi vijana walioajiriwa katika mipango ya chanjo, malaria, Ukimwi na magonjwa yasiyoambukiza huniuliza mara kwa mara mpango wa taifa unasimamiwaje. Jibu langu limetoka katika rejista ile: mpango unasimamiwa pale tu ambapo kila tarakimu inayofika wizarani inaweza kufuatwa kurudi chini, hadi kwa mtu mwenye jina, kijiji na hatima inayojulikana.

Nitaeleza kidogo historia, kwa sababu wengi wa vijana hao hawajui kwamba katika jambo hili nchi yetu iliifundisha dunia. Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma ulianzishwa Tanzania mwaka 1977, kwa ushirikiano na Karel Styblo, daktari mzaliwa wa Chekoslovakia ambaye mwenyewe aliwahi kuugua kifua kikuu. Tiba ya wakati huo ilichukua mwaka mzima au zaidi, na wagonjwa wengi waliiacha njiani mara walipopata nafuu. Katika miaka ya 1980 mpango ulianza kutumia tiba fupi ya miezi 8, ambayo katika miezi 2 ya kwanza mgonjwa alimeza rifampisini mbele ya mhudumu, wakati ambapo wataalamu wengi duniani waliamini kwamba dawa hiyo ni ghali mno kwa nchi maskini. Mwaka 1993 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kifua kikuu kuwa dharura ya dunia, na mkakati wa DOTS, yaani tiba fupi inayomezwa chini ya uangalizi, uliosambazwa baada ya hapo ulijengwa kwa kiasi kikubwa juu ya yale yaliyokuwa yamejaribiwa Tanzania, Malawi, Msumbiji na Nikaragua.

Watu husifu dawa, nami sizibezi, lakini dawa hizohizo zilikuwapo hata katika nchi ambazo mipango yao ilishindwa. Kilichotutofautisha ni mpangilio wa kazi. Tiba ilitolewa katika zahanati ya kawaida, na wahudumu walewale waliotibu malaria na kuhara, kwa hiyo mgonjwa hakulazimika kutafuta kliniki maalumu mjini. Usimamizi, kwa upande wake, ulikuwa mikononi mwa mtu mmoja anayejulikana katika kila wilaya, mwenye bajeti ndogo ya mafuta na wajibu wa kufika katika kila kituo chenye mgonjwa. Mjadala wa leo kuhusu kuunganisha mipango au kuitenganisha huendeshwa kana kwamba ni lazima kuchagua upande mmoja. Ushauri wangu ni kwamba huduma iunganishwe kadiri inavyowezekana, ila wajibu ubaki na mwenyewe, kwa kuwa kazi iliyokabidhiwa timu nzima ya halmashauri mara nyingi haina hata mmoja anayelala akiiwaza.

Kila robo mwaka tulijibu maswali mawili. La kwanza lilikuwa jepesi: katika miezi hii 3 tumesajili wagonjwa wangapi, wa aina gani? La pili liliwahusu watu waliosajiliwa katika robo kama hiyo ya mwaka uliotangulia, na lilituuliza kila mmoja wao ameishia wapi. Safu za kujaza zilikuwa chache: aliyepona na makohozi yake yakathibitishwa kuwa hayana vimelea, aliyemaliza dawa bila kipimo cha mwisho, ambaye tiba ilishindwa, aliyefariki, aliyeacha dawa, na aliyehamishiwa wilaya nyingine. Jumla ya safu hizo ilipaswa kulingana na idadi iliyosajiliwa mwaka mmoja kabla, na akikosekana mtu mmoja tu, kikao cha mkoa kilisimama mpaka apatikane katika safu mojawapo. Ni kanuni nyepesi kuieleza na ngumu kuitimiza, na katika maisha yangu yote ya kazi sijaona nyingine inayoizidi kwa kumlazimisha msimamizi aujue ukweli wa eneo lake.

Linganisha utaratibu huo na mpango unaohesabu huduma zilizotolewa, kisha ukaigawa hesabu hiyo kwa makadirio ya idadi ya watu. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu Watanzania wapatao milioni 44.9, na ile ya 2022 ikahesabu 61,741,120; katika miaka 10 iliyo katikati, zahanati zilipewa malengo kwa makisio, wakati watu wanahama kufuata machimbo, mashamba mapya na miji inayokua. Ndiyo maana unaweza kukuta kituo kinachoripoti chanjo zaidi ya asilimia 100 ilhali kitongoji kizima kilicho ng'ambo ya mto hakijawahi kuona kadi ya kliniki. Nimekaa katika vikao ambavyo asilimia ya namna hiyo ilipigiwa makofi. Kwa msimamizi wa chanjo nasema hivi: asilimia ipeleke juu kwa sababu imeombwa, lakini wewe fanya kazi kwa orodha ya watoto waliozaliwa, kitongoji kwa kitongoji, iliyoandikwa pamoja na wenyeviti wa vitongoji na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ili mtoto ambaye hajachanjwa awe na jina kabla hajawa pengo katika takwimu.

Jambo la pili nililijifunza kwa uchungu. Katika mwaka wangu wa pili niliwasilisha ripoti iliyokuwa na watu 2 tu walioacha dawa, nami nilisubiri pongezi. Msimamizi kutoka mkoani hakuitazama safu hiyo. Alitazama safu ya waliohamishwa, iliyokuwa na watu 11, akaniuliza ziko wapi taarifa za kupokelewa kwao huko walikokwenda. Sikuwa nazo hata moja. Nilitumia wiki 2 kupitia rejista za wilaya jirani na kurudi katika vijiji walikotoka, nikagundua kwamba 3 walikuwa wamepokelewa na wanaendelea na dawa, 2 walikuwa wamefariki, na mmoja, mzee wa makamo ya baba yangu, hakuwa amehama kabisa; nilimkuta nyumbani kwake akikohoa, akilala chumba kimoja na wajukuu. Wale 5 waliobaki sikuwapata. Sikuwa nimekusudia kudanganya, kwani niliandika neno nililolikuta kwenye kadi, lakini rejista yangu ilikuwa imegeuka mahali pa kufichia watu, na wajukuu wa mzee yule ndio waliokuwa wakilipa gharama.

Tangu siku hiyo, kila ninapopelekwa kutazama mpango wowote, hutafuta kwanza safu yake ya maficho. Katika huduma za Ukimwi inaweza kuwa waliohamia kituo kingine. Katika vyandarua ni vile vilivyogawiwa, ambavyo huhesabiwa kana kwamba vimekwisha kutundikwa. Katika shinikizo la damu ni wagonjwa walioandikishwa, bila kuuliza ni wangapi waliorudi mwezi wa tatu na vipimo vyao vinasemaje. Ukiwa msimamizi mpya, usianze na safu inayotia aibu, kwa sababu hiyo wenzako wamekwisha kuilinda. Anza na ile ambayo haimletei mtu lawama.

Kulikuwa na kipengele kingine katika utaratibu wa kifua kikuu ambacho ninatamani kila mpango ungekuwa nacho. Maombi ya dawa za robo mwaka yalikokotolewa kutokana na idadi ya wagonjwa waliosajiliwa katika robo iliyopita, ikatolewa akiba iliyopo, ikaongezwa ile inayotakiwa kubaki stoo. Kwa hiyo mratibu aliyeripoti pungufu aliishiwa dawa yeye mwenyewe, na aliyeripoti ziada alibaki na makopo yanayoelekea kuisha muda wake, ambayo angelazimika kuyatolea maelezo. Taarifa ilirudi kwa mwandishi wake ikiwa na matokeo. Leo muuguzi wa zahanati anajaza vitabu vya MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, na ripoti za miradi usiku kwa taa ya simu, na sehemu kubwa ya anachokiandika hakimrudii kwa namna yoyote, wala dawa, wala mhudumu wa kumsaidia, wala hata jibu. Kabla hujaongeza fomu mpya, jiulize itamrudishia nini aliyeijaza, na kama huna jibu basi usiilete.

Kuhusu ziara za usimamizi, nitaeleza nilivyozifanya. Nilipofika kituoni niliomba vitu vitatu viwekwe juu ya meza moja: kitabu cha maabara, rejista na kadi za wagonjwa. Kila aliyekutwa na vimelea maabara nilimtafuta katika rejista, na asipokuwamo, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yetu ya siku, hata kama nilikuja na orodha ndefu ya mambo mengine ya kukagua, kwa maana huyo ni mtu aliyethibitishwa kuambukiza, akaenda zake bila dawa. Baada ya hapo tulihesabu vidonge, tukachagua slaidi za makohozi za kupelekwa kusomwa upya, kisha nikamwomba mhudumu tumtembelee mgonjwa mmoja nyumbani, tena niliyemchagua mimi kutoka katika rejista. Njiani ndiko nilikoambiwa ukweli ambao ofisini haukusemeka: kwamba mizani imeharibika tangu Pasaka, kwamba mtaalamu wa maabara yuko masomoni, kwamba wagonjwa wa kijiji fulani hawavuki mto wakati wa masika.

Tulikuwa tukiwaita walioacha dawa watoro, na neno hilo limetuumiza kuliko tulivyofahamu. Mtoro ni wa kukamatwa, kwa hiyo nasi tulikwenda kwao kama askari. Ilinichukua muda kutambua kwamba wengi hawakuwa wameikimbia dawa: walikuwa wamekosa nauli, wamekwenda kuvuna, wamefichwa na familia iliyoogopa kunyanyapaliwa, au walifika kituoni mara mbili wakakuta dirisha la dawa limefungwa. Utaratibu ulipobadilika baadaye, mgonjwa akaruhusiwa kuchagua kumeza dawa nyumbani chini ya uangalizi wa ndugu anayemwamini, tulipata mshirika katika kila nyumba. Ninawaomba wanaoandika miongozo wayapime maneno yao, kwa sababu neno lililo kwenye fomu ndilo litakalokuwa kinywani mwa muuguzi siku atakapokutana na mgonjwa.

Hata hivyo rejista ina upofu wake, nao nilichelewa kuuona: haimjui ambaye hakuandikwa kamwe. Tulijivunia kuponya wale tuliowasajili, mpaka utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulipopima watu majumbani na kuonyesha kwamba ugonjwa ulikuwa mwingi kuliko tulivyokadiria. Ilibidi tutoke. Watu wanaokohoa walikuwa katika maduka ya dawa muhimu wakinunua dawa za kikohozi, kwa waganga wa tiba asili, na katika machimbo ambako vumbi la mawe huharibu mapafu kabla kifua kikuu hakijaingia. Waganga wa tiba asili walipoheshimiwa na kufundishwa dalili, walituletea wagonjwa ambao sisi tusingewapata, na mashine za GeneXpert, zinazotambua vinasaba vya vimelea, zikawagundua wale ambao hadubini ilikuwa ikiwakosa. Kwa kifua kikuu sugu, ambacho tiba yake ilianza katika Hospitali ya Kibong'oto mwaka 2009, wagonjwa mwanzoni walisafirishwa hadi Kilimanjaro kutoka kila pembe ya nchi. Kuihamishia tiba hiyo mikoani kuliokoa familia nyingi. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu zilizofikia lengo la kupunguza kiwango cha wagonjwa wapya kwa asilimia 20 kati ya 2015 na 2020, nami ninaamini kwamba kutoka kwenda kuwatafuta kulichangia.

Kuhusu fedha sitasema mengi. Mradi wa miaka 3 ukikuajiria watunza takwimu, andika tangu siku ya kwanza katika Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri nani atakayeifanya kazi hiyo mradi ukiisha, na kwa kasma ipi, yaani fungu lipi la bajeti. Na fedha zikipungua, punguza warsha kabla hujagusa mafuta ya pikipiki.

Kwako uliyeteuliwa karibuni, kabla ya kikao chako cha kwanza cha tathmini chukua rejista ya kituo kimoja ya mwaka jana, huduma yoyote unayoisimamia, uhesabu kila jina la tano mpaka upate majina 20, bila kuruka lisilosomeka vizuri. Nenda na mhudumu wa kijiji hicho uwafuate mmoja mmoja. Ukirudi, niandikie umewapata wangapi, na familia za wale usiowapata zimekuambia nini.