Usaha ndani ya jicho: usisubiri kesho

Mtu katolewa mtoto wa jicho, kesho yake bandeji imefunguliwa na anaona vizuri. Siku ya nne au ya tano ukungu unarudi, jicho linakuwa jekundu, kope zinavimba. Mara nyingi linauma, ila takriban mgonjwa mmoja kati ya wanne hasikii maumivu, na huyo ndiye anayechelewa. Hizo ni dalili za usaha ndani ya jicho, unaoletwa na bakteria. Kwa hiyo usipime kwa maumivu. Uoni ukishuka baada ya upasuaji, ni dharura ya siku hiyo hiyo.

Usipitie duka la dawa. Matone ya deksamethasoni, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe, hupunguza wekundu huku bakteria wakiendelea na kazi yao, na matone ya antibiotiki hayafiki ya kutosha kwenye ute ulio nyuma ya lenzi. Nenda ulikofanyiwa upasuaji, au hospitali ya Muhimbili au CCBRT kule Msasani, Dar es Salaam, ukiwa na kadi yenye tarehe ya upasuaji. Foleni ya Barabara ya Mandela isiwe sababu ya kulala na jicho hilo.

Kabla ya kutoka, funika jicho lingine, kisha ujipime lile lililofanyiwa upasuaji: unahesabu vidole? Unaona mkono ukipungwa? Au unaona mwanga wa tochi ya simu tu? Mwambie daktari jibu hilo na saa ulipoanza kuona vibaya, kwa sababu ndivyo anavyoamua.

Anayeona mkono au zaidi kwa kawaida huanza na sindano ndani ya jicho. Ute kidogo hunyonywa kwa ajili ya maabara, kisha huingizwa antibiotiki mbili, vankomaisini miligramu 1 na seftazidimu miligramu 2.25, kila moja kwenye mililita 0.1 na bomba lake, maana zikichanganywa huganda.

Anayeona mwanga tu anahitaji vitrektomi, yaani kuuondoa ute wenyewe pamoja na usaha. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa 1995, wagonjwa wa kundi hili waliopoteza uoni vibaya sana walikuwa asilimia 20 kwa waliofanyiwa vitrektomi na 47 kwa waliochomwa sindano tu. Vifaa vya leo ni vyembamba zaidi, na wapo madaktari wanaofanya vitrektomi bila kusubiri hadi mgonjwa abaki kuona mwanga tu. Tunaona wana hoja: konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, ikishakuwa nyeupe, daktari haoni anachokata, na retina, utando wa nyuma unaopokea mwanga, ikilowa usaha huchanika kirahisi.

Fundi aliyerukiwa na kipande cha chuma jichoni hana hata siku nne. Bakteria wa jamii ya basilasi wanaweza kuliharibu jicho ndani ya saa 24. Asilikamue, asilioshe, asichomoe kitu; afunike kwa kikombe kisichogusa jicho, aondoke.